Mama kapata 21 kati ya 30: usiulize alama ngapi, uliza kakosea wapi

#1 KijitiChaKiberiti

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi dada mmoja alibandika humu karatasi ya mama yake: "21 kati ya 30, daktari kaandika MCI, ndiyo Alzheimer yenyewe?" Majibu yakamiminika. Mmoja akamwambia ni uzee, mwingine akamwandikia mafuta ya nazi, wa tatu akamshauri wagawane viwanja mapema. Nimesoma hadi mwisho nikaona bora nifungue uzi.

Kazi yangu ni kupima. Ni mwanasaikolojia wa hospitali, miaka mingi nimekaa upande huu wa meza, mzee upande ule, katikati karatasi, penseli na kiberiti. Wagonjwa nitakaowataja nimewachanganya makusudi. Ukijiona humo, si wewe.

Nianze na hiyo 21. Kipimo chenyewe ni MoCA, walikitoa Ziad Nasreddine na wenzake kule Montréal mwaka 2005. Alama 30, dakika kumi hivi, na mstari waliouchora ni 26: kuanzia hapo kwenda juu ni kawaida. Kazi yake ni kugonga hodi. Hakikuundwa kukwambia nani yuko ndani.

MCI (mild cognitive impairment, yaani akili kufifia kidogo) nayo si ugonjwa, ni hali. Mtu bado anapika, anahesabu chenji, anapanda daladala na kushuka panapotakiwa, ila kwenye kipimo yuko chini kuliko wenzake wa umri ule na elimu ile. Ronald Petersen wa Mayo Clinic ndiye aliyeipa vigezo vinavyojulikana, mwaka 1999. Kati ya wanaofika kliniki za kumbukumbu na hali hii, kama 10 hadi 15 katika kila 100 huingia kwenye demensia kila mwaka, yaani akili kupungua hadi mtu hawezi kujitegemea; Alzheimer ni chanzo chake kimoja kikubwa. Wengine hubaki palepale. Na wapo wanaorudi kuwa wazima kabisa, kwa sababu kilichowasumbua kilikuwa kitu kingine. Hao ndio wamenifanya niandike.

Sasa twende ghalani. Kumbukumbu ichukulie kama ghala la mahindi: kuna kuingiza gunia, kuna kulitunza, kuna kwenda kulitoa. Mtu akishindwa kukwambia neno ulilompa robo saa iliyopita, hujui bado shida iko wapi kati ya hizo tatu. Ndiyo maana mpimaji anayejua kazi yake haishii kwenye "hakukumbuka". Anampa dokezo: "Lilikuwa kiungo cha mwili." Bado? Anamtajia matatu achague.

Mwenye Alzheimer inayoanza, ghala limeingiliwa na panya. Unampa ufunguo, unamwashia taa, gunia halipo. Dokezo halimsaidii, na mara nyingi atakubali neno ambalo hukulisema kabisa. Ugonjwa huo kwa kawaida huanzia kwenye hipokampasi na jirani zake, sehemu zile zinazotunza mambo mapya.

Mwenye mishipa midogo ya ubongo iliyochakaa kwa presha, gunia lipo ila mtunza ghala ni mzito na ufunguo hauoni. Ukimdokezea tu: "Aah, ndiyo! Lilikuwa uso!"

Mwenye sonona au asiyelala usiku, gunia halikuingia vizuri tangu mwanzo. Uliposoma maneno yeye hakuwepo pale.

Ngoja nimwone mgonjwa mmoja nirudi.

#2 Mtoro wa Chuo

Nimekaa paleee na gahawa yangu.

#3 KijitiChaKiberiti

Nimerudi. Chukueni watu wawili, wote 21.

Wa kwanza mwalimu mstaafu, mama. Saa kaichora vizuri kuliko mimi. Mchemraba safi. Kutoa saba saba kutoka 100, safi. Maneno matano baada ya dakika chache: sifuri. Nikadokeza: sifuri. Nikamtajia achague: kapata mawili, nayo kwa kubahatisha. Tarehe na mwezi hajui, sentensi moja kairudia kwa makosa, na kwenye kutaja maneno kwa dakika moja akaishiwa mapema. Hesabuni: tano, mbili, moja, moja. Tisa zimeondoka.

Wa pili dereva wa lori mstaafu, darasa la saba, presha ya miaka ishirini na dawa anameza akijisikia. Kuunganisha namba na herufi kwa zamu kashindwa, mchemraba kashindwa, saa kachora duara tu, namba na mishale vimemkataa. Kutoa saba kafika 93 kasimama. Namba kwa kurudi nyuma, hapana. Maneno kwa dakika, hapana. Kati ya maneno matano kakumbuka matatu, na mawili yaliyobaki yalikuja nilipodokeza tu. Kumi zimeondoka, akapewa ile moja ya nyongeza kwa mwenye shule ya miaka 12 kushuka chini. Ishirini na moja.

Karatasi zote zimeandikwa 21. Mwalimu ndiye aliyeniogopesha upande wa Alzheimer. Dereva nilimwandikia daktari habari za mishipa, na nikamuuliza mke wake kama mzee ameanza kutembea kwa hatua fupi na kama mkojo unamkimbiza. Akashangaa nimejuaje.

Vipimo hivi vidogo vikishatoa dalili, ndipo tunaingia kwenye vipimo virefu. Ninachokipenda ni orodha ya André Rey: maneno 15, unayasoma mara tano, kila mara mtu anarudia aliyoyashika. Kisha unamvuruga na orodha nyingine, unamwacha nusu saa hivi akifanya kazi isiyo ya maneno, unauliza tena bila kumsomea. Mwisho unamchanganyia maneno, aseme lipi lilikuwemo. Yule mwalimu alikwenda 4, 5, 5, 6, 5, na baada ya nusu saa neno moja. Dereva: 3, 5, 6, 8, 8, baada ya nusu saa matano, ila kwenye kuchagua akayatambua 14. Huyu anajifunza, polepole. Yule hata ukimsomea mara kumi, maji kwenye pakacha.

Angalia pia kashika maneno ya wapi. Alzheimer mara nyingi huacha ya mwisho mwisho tu, yale ambayo sauti yake bado iko masikioni. Ya mwanzo yameshapotea.

#4 Kamanda_Msata

Mkuu mimi nitakubishia. Bibi yangu hajawahi kukanyaga darasa. Penseli hajui inashikwaje. Unampa mchemraba achore, akishindwa unamwandikia ugonjwa? Haya mambo ya wazungu yaacheni hukohuko.

#5 KijitiChaKiberiti

Hujabisha Kamanda, umesema kweli, na ni kweli kubwa kuliko unavyodhani. Kalamu ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni lugha.

Kipimo cha asili kinataka saa ionyeshe kumi na moja na dakika kumi kwa saa ya Kizungu. Nimeona mpimaji kijana akimwambia mzee, "chora saa kumi na moja na dakika kumi." Mzee akapeleka mshale mfupi kwenye tano, kwa sababu saa kumi na moja yetu mshale uko kwenye tano! Kijana kamkata alama. Mzee alikuwa sahihi, mgonjwa alikuwa karatasi.

Kuna kutaja maneno yanayoanza na F kwa dakika moja. Ukifikisha 11 umepata. Kwa Kiswahili maneno ya F si mengi kivile. Mwingine akabadilisha akaweka K, mzee akamwaga: kula, kulala, kulima, kusoma, kukimbia... angemaliza siku nzima. Ngeli na vitenzi vyetu vinaharibu mchezo wote.

Tunayo miezi pia. Wenzetu hupima umakini kwa kumwambia mtu ataje miezi kuanzia Desemba kurudi Januari. Mtu wa kwetu anakwambia mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Hapo umepima kuhesabu kurudi nyuma, basi. Na yale maneno matano ya asili, kuna kitambaa cha mahameli humo na ua la Ulaya. Bibi wa Machame utampa mahameli aikumbuke kwa lipi?

Ndiyo maana watu waliofanya utafiti wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walilazimika kutengeneza chao. Walipita kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, na kipimo kilichotoka huko kinaitwa IDEA, kilichapishwa 2014. Hakuna kusoma wala kuandika. Unamuuliza daraja ni kitu gani. Nani kiongozi wa kijiji. Leo siku gani. Ataje wanyama kwa dakika moja. Akumbuke maneno kumi. Halafu unapanga njiti za kiberiti mezani, naye apange vilevile. Jina langu humu limetoka hapo.

Ila tuwe wakweli: IDEA ni chujio la demensia iliyokwisha kujionyesha. Kwa hali ndogo kama tunayoijadili, na kwa kutofautisha chanzo, haitoshi. Kwa bibi yako ningetumia orodha ya maneno anayoyajua, nimsomee, na ningekaa sana na mtu anayeishi naye. Amebadilika tangu lini? Nini alikuwa anafanya mwaka jana ambacho leo hafanyi? Aliyekuwa mweka hazina wa kikoba akaanza kukosea michango, hiyo kwangu inazidi mchemraba.

#6 Sista wa Mvita

Jamani, mimi ni muuguzi Mombasa, naongeza dogo. Kabla hujampima mzee akili mpime masikio. Nimeletewa bibi, binti yake analia, mama hakumbuki lolote. Tulipomtoa nta masikioni, kumbe alikuwa hasikii tunachomwambia! Utakumbuka neno ambalo hukulisikia? Na miwani pia, mtu asije akachorewa picha asiyoiona.

La pili, mzee aliyebadilika kwa siku mbili tatu, jana mzima leo hajui yuko wapi, huyo msimpeleke kwa vijiti wala saa. Huyo ni wa hospitali mara moja: homa, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, au alianguka wiki zilizopita damu ikavilia kichwani.

#7 KijitiChaKiberiti

Sista, Mungu akubariki. Nilitakiwa kuanza na hilo.

#8 Baba Ashura

Samahani wakuu, mimi mzee wangu kumbukumbu anayo. Anajua bei ya ng'ombe aliyouza 1987. Ila jioni anasema kuna watoto wamekaa sebuleni, anataka wapewe chai. Siku nyingine yuko sawa kabisa anakwambia "najua hawapo." Majirani wanasema ni majini, tumeshasomesha dua mara mbili. Anatembea kama gogo sasa. Kliniki moja waliandika "MCI" wakatupa miadi ya miezi sita.

#9 KijitiChaKiberiti

Baba Ashura, dua endeleeni nayo, haimdhuru. Nikuulize: usingizini anapiga mateke? Anapigana, anapiga kelele, mama analala chumba kingine?

#10 Baba Ashura

Mkuu umejuaje. Mama alihama chumba kama miaka saba iliyopita. Alimpiga kiwiko cha jicho.

#11 KijitiChaKiberiti

Sikupimi mtandaoni, ila hayo manne kwa pamoja (kuona watu wasiokuwepo, akili inayopanda na kushuka kama mawimbi, mwili kukakamaa, kupigana na ndoto) daktari anatakiwa ayasikie yote kwa kikao kimoja, kwa sababu yanaelekeza kwenye ugonjwa wa chembe za Lewy. Ni demensia ya aina nyingine, ndugu wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Ile ya ndoto inaweza kutangulia miaka mingi, kama ulivyosema.

Kwenye meza yangu watu hawa wana alama yao. Maneno wanatambua vizuri kiasi, macho ndiyo yanawaangusha. Mwambie achore saa: imeharibika. Halafu chora wewe, mwambie anakili hiyohiyo: nayo imeharibika. Dereva wetu wa #3 ukimpa ya kunakili anainakili vizuri, maana shida yake ni kupanga kazi. Huyu wa Lewy shida ni kuona vitu vimekaaje. Zile pembetano mbili zilizopandana za kipimo cha Folstein cha 1975 anakuchorea nyumba zilizobomoka.

Na kubwa kuliko yote: akianza fujo usiku, mtu asimchome haloperidol (dawa ya kutuliza fujo za akili) kwa haraka. Watu wenye ugonjwa huu dawa hizo zinaweza kuwakakamaza vibaya, hata kuwaua. Liandikeni kwenye jalada lake.

#12 Mtoro wa Chuo

Swali la kizembe: kwa nini mtu asipigwe MRI tu tukamaliza?

#13 KijitiChaKiberiti

Apigwe, kama ipo na hela ipo. Hata siti skani inasaidia kukamata uvimbe, damu iliyovilia, maji kichwani. Lakini picha ya Alzheimer changa inaweza kuonekana ya kawaida, na wazee wengi wana madoa meupe ya mishipa wakati akili zao zinakata kama wembe. Picha inakuonyesha nyumba ilivyo, kipimo kinakuonyesha wanaishije ndani.

Na msinishike shati: mifumo niliyoeleza si mihuri. Kwa wazee sana ubongo mmoja hubeba Alzheimer na mishipa mibovu kwa pamoja. Nikipata karatasi isiyoeleweka naandika haieleweki.

Wapo pia wanaofaulu kila kitu mezani kwangu huku nyumbani kuna vita: mzee aliyekuwa na adabu zake anaiba peremende dukani, anacheka msibani. Huyo tafuta habari za sehemu za mbele za ubongo, maneno 15 hayatamkamata. Na kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI kinachopungua kwanza mara nyingi ni kasi. Kuna kipimo cha 2005 kilichojaribiwa Uganda na Marekani: kugonga vidole haraka kwa sekunde tano, kugeuza mkono ngumi, kiganja, ubavu, na kukumbuka maneno manne. Dakika chache tu, hakitaki shule.

#14 BintiMkubwa

Mimi ndiye yule dada wa 21. Nimesoma kwa machozi. Ninayo karatasi yote hapa. Mama ana miaka 68, form four. Saa kapoteza alama moja ya mishale. Kutoa saba kapata moja kati ya tatu. Kugonga meza akisikia A, kakosa. Namba kurudi nyuma kakosa. Maneno kwa dakika kakosa. Kufananisha vitu kakosa moja. Maneno matano kakumbuka mawili. Pembeni daktari kaandika: "matatu kwa kudokezwa." Ana sukari miaka kumi na mbili, metformin. Miguu inawaka moto usiku, anapewa amitriptyline. Baba alifariki mwaka jana mwezi wa nane.

#15 KijitiChaKiberiti

Pole sana kwa msiba, dada.

Hesabu yako: moja, mbili, moja, moja, moja, moja, tatu, zinakuwa kumi, na nyongeza ya form four inarudisha moja. Sawa, 21.

Soma tena pale pembeni: "matatu kwa kudokezwa." Gunia lipo! Yote matano yalikuwa ghalani. Kilichoangukia pua ni umakini: kugonga, namba, kutoa saba. Alipokuwa anajibu alisema mara nyingi "sijui, niache"? Au alikuwa anajaribu na kukosea?

#16 BintiMkubwa

"Sijui mwanangu, andika chochote." Ndivyo alivyokuwa anasema.

#17 KijitiChaKiberiti

Mwenye Alzheimer mara nyingi hukupa jibu, lisilo sahihi, na hajali. Anayesema sijui kabla hajajaribu, mimi humuuliza habari za moyo wake. Kuna maswali 15 ya ndiyo na hapana ya sonona kwa wazee, mwombe daktari amfanyie. Mwombe pia haya: vitamini B12, maana metformin ya miaka mingi inaweza kuishusha; tezi ya thairoidi; na hiyo amitriptyline. Ni dawa nzuri ya miguu kuwaka, lakini ni mojawapo ya zile zinazotia ukungu kichwani kwa wazee. Usimwachishe mwenyewe. Mpelekee daktari dawa ZOTE kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mafua na za usingizi anazonunua duka la dawa, nyingi zina tabia hiyohiyo.

Sijasema hana Alzheimer. Nimesema karatasi hii haijaionyesha. Apimwe tena baada ya miezi sita.

#18 Kamanda_Msata

Nimefuta kauli. Bibi nampeleka masikio kwanza.

#19 BintiMkubwa

Wakuu, nafufua uzi. Miezi sita imepita.

B12 ilikuwa chini, kachomwa sindano. Amitriptyline daktari kaibadilisha. Sonona alikuwa nayo, anaongea na mshauri kila wiki mbili na amerudi kwaya. Jana kapimwa: 26! Maneno matano yote!

#20 KijitiChaKiberiti

Hongera sana. Sasa niharibu sherehe kidogo: maneno yalikuwa yaleyale ya mara ya kwanza?

#21 BintiMkubwa

Yaleyale. Tena ndani ya gari tukienda aliyasema mwenyewe, "wataniuliza tena uso na kanisa." Tukacheka.

#22 KijitiChaKiberiti

Basi 26 hiyo mimi naipunguza kichwani mwangu, walitakiwa watumie karatasi mbadala, zipo. Mwambie daktari mwakani asirudie ile.

Lakini hebu rudi kwenye gari. Mama aliyasikia mara ya mwisho miezi sita iliyopita, akiwa na msiba, hajalala, kichwa kina ukungu. Na kayataja kabla hajaulizwa, bila dokezo. Hiyo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote, na kwangu mimi ina uzito kuliko hizo alama tano zilizoongezeka.

Kwaya anaimba sauti ya ngapi?

#23 BintiMkubwa

Ya pili. Na anawasahihisha wenzake.